Nguo Iliyorudishwa

Siku ya hitima ya mama yangu mdogo, Bi Sichana, sinia zilipokwisha kuondolewa na wazee wakawa wanatafuta viatu vyao, mjukuu wangu Nasra alikuja kukaa karibu yangu ukumbini na kitabu chake cha somo la biashara. Msiba haumwondolei mtoto kazi ya skuli. Alitakiwa aeleze namna za kuzigawa biashara za rejareja, na akaona hakuna wa kumuuliza ila babu yake, aliyekaa nyuma ya kaunta mpaka magoti yakakataa. Nikamwambia aandike. Zinagawanywa kwa ukubwa, kwa vitu vinavyouzwa, kwa mwenye mali, awe peke yake au na wenzake, na kwa pahala zilipo. "Na nyengine, babu? Mwalimu kasema ipo moja zaidi." Ipo, ni namna muuzaji anavyokutana na mnunuzi, lakini sikuwahi kuitamka, kwa sababu wanawake walikuwa wameanza kutoka ndani, na mmoja wao alisimama mbele yangu, akaushika ukuta ateremke ngazi, akasema, "Pole, Faki." Nikasema, "Tushapoa, Bi Mize." Akateremka. Uso wake nisingeuwekea kiapo, maana katika ujana wetu sikuwahi kuutazama kwa muda wa kutosha. Lakini sauti haizeeki sawa na uso. Nilibaki nimeshika kalamu ya Nasra mkononi, na pale ukumbini, kati ya viatu vya watu, nikarudi Tumbe ya zamani, katika mwaka ambao nilitaka kuwa mwenye duka.

Nilikuwa nimemaliza skuli na kichwa changu kimejaa mpango. Mwalimu wetu wa biashara alikuwa hodari wa kuchora. Alituchorea ubaoni mti uliopinduka, maduka makubwa ya mjini yako juu, chini yake maduka ya kitu kimoja, nguo au vyombo au dawa, chini yake maduka ya mchanganyiko, kisha vibanda, kisha magenge, na chini kabisa, pale ambapo chaki huanguka na kufanya vumbi, wachuuzi wasio na pahala. Hakukusudia ubaya. Alikuwa anagawa tu, kama mtu anavyochagua mchele. Lakini sisi vijana tuliuona ule mchoro kuwa ngazi, na mimi nilipotoka skuli nikakosa kazi, nikanunua samaki kwa wavuvi wa Tumbe na kuwapeleka vijijini kwa baskeli, nilijua hasa nipo tawi gani. Nilipopiga kengele kwenye vichochoro nilikuwa nalisikia vumbi la chaki puani.

Nikikaa kwa mama mdogo, na yeye naye alikuwa mchuuzi, lakini wa namna ambayo mwalimu hakuichora. Alikuwa akibeba kikapu cha ukili na bunda la kanga, udi, wanja, hina, bangili za kioo zilizofungwa kwa uzi, akazunguka Tumbe na Kiuyu akiingia nyumba za watu kwa mlango wa uani. Hakupiga kengele wala hakuita. Alisukuma mlango, akasema hodi akiwa tayari yumo ndani, akawekewa mkeka. Biashara yake ilifanyika katika vyumba ambavyo mimi sitaviona maisha, na kilichokuwa cha ajabu ni kwamba mara nyingi hakuuza. Aliweka. Ndilo neno lao. Aliacha kanga kwa mtu, doti moja au mbili, zikae nyumbani kwake siku kadhaa, azijaribu kwa mwanga wa asubuhi na wa jioni, aulize dada zake na jirani zake. Ikimpendeza ilibaki. Isipompendeza, Bi Sichana aliichukua safari ijayo, bila ya uso kukunjwa. Nilipomwuliza vipi anajua nguo ipi iko kwa nani, alicheka. "Kwani weye watoto wa shangazi zako unawasahau? Nguo zangu ndizo watoto wangu. Zimelala kwa watu."

Chumba chetu kilikuwa kimoja kirefu chenye pazia katikati. Upande wake kulikuwa na nguo, na harufu ya udi mkavu ambao haujachomwa, ambayo ni harufu tamu na ya kusubiri. Upande wangu kulikuwa na kitanda cha kamba na msumari wa kutundika shati. Sharti lake lilikuwa moja: nisivuke kizingiti nikiwa na samaki mwilini. Kila nikirudi nilikuta ndoo ya maji uani na majani ya mchaichai yamevurugwa ndani yake. Ananisubiri mlangoni, ananinusa kama mtu anayenunua papai, kisha ananiruhusu au hataki. "Rudi. Bado una shombo ya changu shingoni." Tukila pamoja, mihogo ya nazi na samaki aliyebaki kwenye tenga, alikuwa akinihadithia aliyoyasikia kule vyumbani. Hakutaja siri za watu. Alitaja mambo madogo, nani anaumwa jino, nani kagombana na wifi yake kwa ajili ya mbuzi, na mimi nilimsikiliza huku usingizi unanichukua, nikawa siku nyingi sijui kipi alikisema na kipi nilikiota.

Katika hayo mambo madogo ndimo alimokuja Mize. Kwanza nilikuwa nimemjua kwa mkono. Nyumba ya baba yake, Mzee Kombo, ilikuwa na mlango mdogo wa uani upande wa minazi, na nilipopiga kengele mlango ulifunguka kidogo, ukatoka mkono na sahani nyeupe yenye maua ya buluu ukingoni. Nikiweka samaki. Sauti ya nyuma ya mlango inauliza, "Wa leo hawa?" Nasema, "Wa leo." "Wa leo ya leo, au wa leo ya jana?" Siku ya kwanza nilikasirika. Siku ya pili nilijitayarisha. Nikamwambia, "Hawa ni wa kesho, nimewahi." Nyuma ya mlango nikasikia kicheko kimezibwa kwa upindo wa kanga. Tangu hapo nilikuwa naanza mzunguko wangu na njia ile, hata pale ilipokuwa si njia.

Kisha ikaja nguo. Mama mdogo alirudi na kikapu, akaanza kuzitenga zilizorudishwa, akafungua moja na kuinusa. "Huyu mtoto wa Mzee Kombo ana mambo. Nguo inarudi inanukia kuliko ilivyokwenda." Ndani ya mikunjo kulikuwa na asumini, zimekauka kidogo kingoni, zimepangwa, hazikuanguka hapo kwa bahati. Akaniangalia. Mimi nikaangalia mihogo. Safari iliyofuata aliacha doti nyengine pale, nayo ikarudi vile vile, na ya baadaye pia. Mize hakuwa ananunua, alikuwa anarudisha. Mama mdogo alizikung'uta asumini kwenye kiganja na kuziweka juu ya mto wangu kama mtu anayemwekea mgeni sabuni. Nikilala nazo. Leo, katika uzee wangu, nikiulizwa biashara ile iliangukia fungu gani, la vitu au la pahala au la ukubwa, sijui. Najua kwamba palikuwa na muuzaji na mnunuzi na bidhaa inakwenda na kurudi, na kwamba hakuna aliyepata hasara.

Ningeyaacha yale yaendelee yenyewe, huenda yangefika. Lakini jioni moja mama mdogo alirudi amenyamaza, na nilipomwuliza akasema alikuwa uani kwa Mzee Kombo alipomsikia ukumbini akizungumza na ndugu yake. Mtu mmoja alikuwa amelitaja jina langu kwa wema, na Mzee Kombo akajibu, "Kijana mzuri, simsemi. Lakini miye nitampa binti yangu mume wa kusikiliza kengele? Leo yuko Kiuyu, kesho yuko Konde. Akitakiwa atafutwe wapi?" Bi Sichana aliyasema haya taratibu, akivua viatu. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimevimba. Nikamwambia palepale nitafungua duka. Nilidhani atanicheka. Badala yake alivuta mguu mmoja akaupakata, akausugua, akasema, "Duka. Nikae kitako, dunia initafute miye." Nami naliandika hili ili isionekane kwamba nilimburuta. Alikuwa na ndoto yake, na ilikutana na yangu katika chumba kile. Lakini aliniuliza swali moja, "Na nyumba zangu?" na mimi ndiye niliyemjibu kwamba nyumba zitakuja dukani. Nilisema kwa uhakika wa mtu aliyesoma.

Tulikodi chumba cha mbele cha nyumba iliyokuwa njia ya msikitini. Niliuza baskeli. Nilipiga chokaa, nikapigilia mashubaka ya mbao za makasha, nikanunua mzani, nikapanga mchele na sukari na unga upande mmoja, mafuta ya taa na viberiti mbali navyo, na upande wa kulia, juu, kanga zote za mama mdogo zilizokunjwa mraba. Ndio kwanza, baada ya miaka ya uhaba, bidhaa zilikuwa zimeanza kuonekana tena visiwani, na rangi zile zikikamata jicho toka njiani. Katika fungu la mwalimu wangu lilikuwa ni duka dogo, la mchanganyiko, la watu wawili, lenye pahala pake. Nikatamani apite alione. Nikachora ubao kwa rangi nyekundu, maneno niliyowahi kuyaona kwenye duka kubwa la mjini na yakanipendeza kwa ukali wake: MALI IKISHAUZWA HAIRUDI. Mama mdogo akaniuliza ubao unasema nini. Nikamsomea. "Na mtu akikosea rangi?" Nikamwambia ndio duka hilo, mama, duka lina sheria. Akaenda kukaa nyuma ya pazia la mlango wa ndani, kwenye kigoda, kikapu chake kitupu kando yake.

Mbele ya duka palikuwa na baraza ya mawe, na kabla chokaa haijakauka ilishajaa wanaume. Sikuwaita, na nisingeweza kuwafukuza. Baraza ya duka kwetu ni ya watu. Walikuja baada ya alasiri wakakaa mpaka magharibi, bao katikati, buli la kahawa ukutani, na kila apitaye aliulizwa atokako na aendako. Nilifurahi. Nilidhani ndio dalili ya duka kukubaliwa. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba mwanamke wa Tumbe mwenye haya zake hawezi kuja kuchagua kanga, kuifungua, kuipima kifuani, mbele ya safu ya wanaume pamoja na shemeji zake na mwalimu wa chuo cha Kurani wa watoto wake. Nyumba za mama mdogo hazikuja. Zilituma waume. Na hakuna kiumbe asiyejua kununua kanga kama mume aliyeagizwa. Mmoja alisimama mbele ya mashubaka akajikuna kidevu. "Kaniambia ya kijani. Hii si ya kijani?" "Hiyo buluu, Bwana Hamad." "Kwa mwanga huu. Nyumbani tuna mwanga mwengine." Wenzake barazani wakacheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Aliichukua ya buluu. Kesho yake mkewe alituma salamu kwamba nguo haikumpendeza, na mimi nikanyoosha kidole kwenye ubao. Baada ya muda hata waume wakaacha kuja. Tukasikia mwanamke mmoja kutoka Micheweni ameanza kuzunguka na bunda lake, anaingia uani, anaweka.

Mama mdogo hakulalamika. Alikuwa anasinzia nyuma ya pazia, miguu yake imepungua uvimbe, na wakati mwengine nilimsikia akizungumza peke yake kwa sauti ndogo, nikadhani anasoma dua. Siku moja nilisimama nikasikiliza. Alikuwa akiuliza habari za watu. Jino lake vipi, Bi Asha. Na yule mbuzi. Akijijibu mwenyewe, nzuri, nzuri. Nilirudi kwenye mzani. Nilikuwa nimeshaanza kuona kitu lakini sikutaka kukitazama, kwa sababu upande wa pili mambo yalikuwa yanakwenda kama nilivyopanga: Mzee Kombo alikuwa mtu wa barazani kwangu. Alikuwa na pahala pake, pembeni ya nguzo, na kila akija alisema, "Sasa mtu anajulikana aliko," akanigonga begani. Nilikuwa nimeamua kwamba karafuu zikishaanikwa nitatuma wazee wakapeleke posa. Wa samaki sikuwa tena, kwa hiyo mlango wa minazini sikuwa na sababu ya kuugonga. Mkono na sahani na kicheko vilikuwa mbali, lakini nilijiambia nipo karibu kuliko nilivyowahi kuwa. Nilikuwa nikimwona baba yake kila siku.

Alikuja Bi Time, jirani wa kina Mzee Kombo, bibi mmoja aliyekuwa ameshauvuka umri wa kuona haya. Baraza ilikuwa imejaa. Alipita katikati ya bao kama hakuliona, akasimama kwenye kaunta, akatoa chini ya buibui lake kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cheupe.

"Nimetumwa kurudisha nguo."

"Ya nani, Bi Time?"

"Ya mwenye kunituma. Kaniambia nikupe weye mkononi, si mwengine."

Bwana Hamad, ambaye tangu ile kanga ya buluu hakuwa na raha na ubao wangu, akausoma kwa sauti, herufi moja moja. Bi Time hakugeuka. "Miye sikuja kusomeshwa, Hamad. Nimekuja kurudisha." Wakacheka. Mzee Kombo naye akacheka, akaegemea nguzo, akasema kwa upole, "Hapana, Bi Time, muache kijana. Duka ni sheria. Leo mtamrudishia nguo, kesho mtamrudishia mchele umeshapikwa." Na watu wote wakanitazama waone nitafanyaje.

Kifurushi kilikuwa juu ya kaunta, kati ya mzani na pipa la sukari. Harufu ilikuwa imeshanifikia. Sitaki kuandika kwamba sikujua. Kwa miaka nilijihadithia hivyo, kwamba duka lilikuwa na harufu nyingi, mafuta ya taa, sabuni, dagaa. Nilijua. Nilijua ni asumini, nilijua ni za nani, na nilijua kuwa safari hii ni nyingi kuliko zote za mwanzo. Lakini mbele yangu alikuwepo baba yake amekaa anaangalia kama mimi ni mwenye duka au ni yule yule wa kengele, na nikaona kwamba nikikipokea kile kifurushi mbele ya watu nitashuka ngazi yote niliyopanda. Nikajisemea kesho ipo. Nikasema, "Hairudi, Bi Time."

"Hata kuifunua huifunui?"

"Ubao unasema hairudi."

Uso wake haukuwa na hasira. Akakichukua kifurushi, akakirudisha chini ya buibui, akapita katikati ya bao. Mzee Kombo akasema, "Ahsante. Mtu ni msimamo."

Walipoondoka kwa sala ya magharibi, pazia likafunguka. Mama mdogo alikuwa amesikia kila kitu. Akasema, "Ile ni doti ya zambarau. Niliiacha pale safari yangu ya mwisho kabla ya duka." Kisha akasema, "Faki, ile nguo sikuiuza. Niliiweka." Akakaa tena kwenye kigoda. Nami nimeyageuza maneno yale umri wangu wote. Hata kwa sheria yangu mwenyewe nilikosea. Nguo ilikuwa haijauzwa, kwa hiyo ilikuwa na haki ya kurudi, lakini kwenye mchoro wangu halikuwepo tawi la kitu kilichowekwa kwa mtu, kisicho chako wala si chake bado, kinachosubiri aseme.

Asubuhi nilimwomba mama mdogo aende kwa kina Mize. Alijifunga, akachukua kikapu, akaenda kwa miguu yake. Aliporudi aliniambia amekaribishwa kwa heshima, amepewa kiti badala ya mkeka. Kiti ni cha mgeni. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa umefungwa, na mama wa nyumba akamweleza kwa furaha kwamba Mize ameposwa na watu wa Chake Chake, posa ilikuja siku tatu nyuma, binti akaomba aachiwe kidogo afikiri, na jana magharibi amekubali. Jana magharibi. Mama mdogo aliyasema haya huku akitazama mkono wake, si mimi. Nilitoka nikakaa barazani peke yangu. Nilikuwa sijawahi kukaa upande ule wa duka langu.

Baada ya hapo alikuja Mzee Kombo, na hajui lolote, na kwa kunipenda aliniletea biashara ya harusi. "Ningeweza kununua Wete, lakini weye ni mtu wetu." Nikampimia mchele, nikampimia sukari, nikamfungia iliki na mdalasini kwenye karatasi nilizozisokota mwenyewe kwa umbo la pembe. Mkono wangu ulikuwa thabiti. Siku ya harusi baraza ilikuwa tupu, wote wamekwenda, na nikafunga mlango nikakaa ndani gizani mchana, nikisikia ngoma kwa mbali, mara karibu, mara mbali tena, kama vile nyumba ile ilikuwa inazungushwa vijijini kwa baskeli. Mwaka huo uliishia hapo kwangu, ingawa miezi yake ilikuwa bado. Mama mdogo alirudia mzunguko wake. Baadhi ya milango ilifunguka, mingine ilikuwa na mtu wa Micheweni ameshakaa mkekani. Alitembea mpaka alipokuwa hawezi tena, na hakuna siku aliyonitajia kigoda kile. Ubao niliuteremsha, lakini ukuta ulibaki na alama yake nyeupe, na watu wakaendelea kuusoma.

Nilikuja kuoa, na nilioa vizuri. Mama watoto, Mungu amrehemu, aliijua habari hii tangu mwanzo, na yeye ndiye aliyepanda asumini uani kwetu. Nilipomwuliza kwa nini mti ule akasema, "Ili usiuogope." Duka lilikua, likapungua, likahamia njia kuu, mwisho nikamwachia mwanangu, ambaye wateja wake wanajichukulia wenyewe rafuni na kuja kulipa mlangoni bila ya kuambiana hata habari za asubuhi. Nimeziona namna zote za mwalimu wangu, na nyengine ambazo hakuzichora.

Ya mwisho nilionyeshwa na Nasra, wiki moja baada ya hitima. "Babu, yule bibi aliyekupa pole ana duka la nguo." Nikamwuliza liko wapi. "Halipo." Akanipa simu. Kulikuwa na picha za kanga, moja baada ya moja, zimetandikwa juu ya kitanda, na pembeni ya picha moja ulionekana mkono umeshika upindo. Nasra akanieleza kwamba Bi Mize alihamia Wete baada ya kufiwa na mumewe miaka mingi nyuma, yumo chumbani mwake na mkaza mwanawe, watu wanatazama, wanaagiza, kijana wa bodaboda anapeleka mpaka uani. Hakujua aliandike fungu gani, maana halina pahala na si la kutembea. Chini ya picha palikuwa na maneno, nikamwambia anisomee, macho yangu hayaamini vitu vidogo. Akasoma, "Ikikupendeza weka, isipokupendeza rudisha." Nikamwambia anisomee tena.

Nikaagiza doti ya zambarau. Ililetwa ndani ya mfuko wa nailoni, inanukia nguo mpya tu. Niliiweka siku mbili, nikaitazama kwa mwanga wa asubuhi na wa jioni. Kisha nikatoka uani, nikachuma asumini zilizokuwa bado hazijafunguka, mikono yangu haina tena wepesi wa kazi ile, nikazipanga ndani ya mikunjo, nikafunga kwa kitambaa cheupe. Nasra alisimama ananitazama.

"Haikukupendeza, babu?"

"Imenipendeza."

"Sasa mbona unairudisha?"

Nikamwambia ampigie simu kijana wa bodaboda.

Jawabu lilikuja baada ya alasiri, kwa sauti. Nasra aliiweka simu juu ya goti langu. Kwanza walisikika kuku mbali, kisha kitu kama kicheko kilichozibwa. Halafu ile sauti ikasema, "Mwambie babu yako mzigo umefika. Mwambie umekaa njiani sana."

Nasra alikunja uso. "Umekaaje njiani? Si tumeupeleka leo asubuhi?"

Nikamwambia njia ya huku mbovu.